Parseli yenye kulala: pande ni zile zile, udongo si ule ule

HESABU YA NYUMBANI



Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho mutoto anajifunza ku masomo ya musingi, anakiandika ku kaye yake, anapata pointi, kisha anakisahau. Ni eneo, ile ambayo mwalimu anaita surface. Mustatili, paralelogramu, pembetatu, trapeza: majina ni magumu, lakini mambo yenyewe iko chini ya miguu yetu. Mwenye kununua parseli ananunua eneo. Mwenye kulima shamba analima eneo. Mwenye kupiga sima ndani ya nyumba analipa sima ya eneo. Kama hajui kulipima, atalipa tu namba ile ambayo mwengine amemwambia.

Namba mbili hazitoshi

Ku miji yetu, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi, mutu akiuza parseli anaitaja kwa namba mbili: « Ni vingt sur trente. » Maana yake, mbele ku barabara iko metre 20, na kando inaingia ndani metre 30. Mu mitaa ya zamani, ambayo ilichorwa vizuri na barabara zake zinakutana sawasawa, namba zile mbili zinatosha. Unapiga 20 mara 30, unapata metre kare 600. Hakuna maneno.

Lakini muji unakua. Kule pembeni parseli zinafuata njia ya miguu, zinafuata reli, zinafuata mto. Pembe hazisimami tena. Parseli inaanza kulala upande, kama mutu aliyechoka kusimama ku mulango.

Tuseme mama mumoja mujane amechunga feza miaka mingi, feza ya mahindi na ya chumvi, apate pahali pa kujenga na watoto wake. Komisionere anamupeleka. Anavuta dekametre mbele ya macho yake: mbele 20, nyuma 20, kuume 30, kushoto 30. Anasema: « Mama, angalia weye mwenyewe. Huku vingt, kule trente. Sasa unaogopa nini? » Na kweli, namba hakuzidanganya. Mama amezisoma kwa macho yake. Analipa bei ya metre kare 600.

Lakini parseli ile inalala. Kutoka barabara mpaka mupaka wa nyuma, ukienda sawasawa bila kufuata kando, si metre 30. Ni metre 24 tu. Basi eneo lake ni 20 mara 24, ndiyo metre kare 480. Zimepotea metre kare 120. Hiyo si kitu kidogo: ni pahali pa nyumba ya metre 10 kwa 12. Kama metre kare moja ilikuwa dola 5, mama amelipa dola 3000 kwa udongo wa dola 2400. Dola 600 zimeenda, na hakuna mutu aliyeiba mbele ya macho yake.

Pengine komisionere mwenyewe hajui. Watu wengi wanaamini kwa moyo mweupe kwamba pande zikiwa sawa, eneo pia ni sawa. Ndiyo maana tunaandika.

Miti mine na misumari mine

Kijana, usiamini maneno yetu tu. Chukua vijiti mine: mbili vya sentimetre 20, mbili vya sentimetre 30. Viunge ku pembe kwa misumari midogo, lakini usikaze sana, viweze kuzunguka. Simamisha pembe vizuri: una mustatili, kama mulango. Sasa sukuma kijiti cha juu kwenda kuume, pole pole. Mulango unaanza kulala. Sukuma tena. Unalala zaidi. Mwisho vijiti vyote vinalaliana, na ndani hamubaki nafasi hata ya kupitisha kidole.

Jiulize: je, kijiti kimoja kilikatwa? Hapana. Pande zote ni zile zile kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini eneo lilitoka 600 likashuka, likashuka, mpaka bure. Basi pande peke yake haziwezi kutuambia eneo. Kuna kitu kingine kilichobadilika: kimo. Kimo ni njia fupi yenye kutoka upande mumoja mpaka upande wenye kuutazama, ikisimama sawasawa juu yake. Vijiti vikilala, kimo kinapunguka.

Umbo lile la kulala ndilo paralelogramu: pande mine, kila upande unaenda sambamba na ule wa kuutazama, kama mistari miwili ya reli.

Makasi inaonyesha sababu

Sasa chukua karatasi, kata paralelogramu. Iweke mbele yako, upande wa chini ni kitako. Kutoka ku pembe ya juu ya kushoto, chora mustari unaoshuka sawasawa mpaka ku kitako. Mustari ule unatenga pembetatu moja ku upande wa kushoto. Kata pembetatu ile, uipeleke ku upande wa kuume, uibandike pale. Inaingia kamili. Na sasa unaona nini? Mustatili! Kitako ni kile kile, kimo ni kile kile, na hatukutupa hata kipande kidogo cha karatasi.

Basi kanuni inatoka yenyewe:

Eneo la paralelogramu = kitako mara kimo.

Si upande mara upande. Kwa mustatili watu wanasema « urefu mara upana », na ni kweli, sababu pale upande umesimama, ni yeye mwenyewe kimo. Kanuni ni moja. Mustatili ni paralelogramu iliyosimama vizuri, na muraba, ile kare, ni mustatili wenye pande zote sawa.

Jambo lingine la kusaidia: upande wowote unaweza kuwa kitako, lakini lazima utumie kimo chake yeye. Ku parseli ya yule mama, ukichukua metre 20 kuwa kitako, kimo ni 24, jibu ni 480. Ukichukua metre 30 kuwa kitako, kimo chake ni 16, na 30 mara 16 ni 480 tena. Ukipima kwa njia zote mbili na majibu hayapatani, rudilia. Mahali fulani kamba ililegea.

Kabla ya kulipa: pembe kwa pembe

Namna gani kujua kama parseli inalala? Macho yanadanganya, zaidi pahali penye majani marefu na vichuguu. Lakini kuna njia mbili ambazo mwashi muzuri anazijua.

Njia ya kwanza: pima pembe kwa pembe. Vuta kamba kutoka pembe ya mbele ya kushoto mpaka pembe ya nyuma ya kuume. Kisha kutoka pembe ya mbele ya kuume mpaka pembe ya nyuma ya kushoto. Kama pande za kutazamana ni sawa, na kamba hizi mbili ni sawa, parseli imesimama. Kama kamba moja inapita ingine, parseli inalala. Parseli ya 20 kwa 30 iliyosimama vizuri inatoa metre 36 na sentimetre 6 kila upande. Parseli ya yule mama ingetoa karibu metre 45 kwa kamba moja, na metre 24 na kidogo kwa ingine. Tofauti ile hata mutoto anaiona. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na haiombi feza.

Njia ya pili: tatu, ine, tano. Ku pembe, pima metre 3 ku mupaka mumoja, weka kijiti. Pima metre 4 ku mupaka mwengine, weka kijiti. Kutoka kijiti mpaka kijiti lazima iwe metre 5 kamili. Ikiwa chini ya 5, pembe imefunga. Ikiwa zaidi ya 5, pembe imefunguka. Ni vile waashi wanavyohakikisha ekeri ya musingi, hata kabla ya tofari la kwanza.

Na kama umeona kwamba inalala, usikimbie. Parseli ya kulala si parseli mubaya. Mutu anaweza kujenga ndani, kupanda miti ya matunda ku pembe, na kuishi vizuri. Shida ni moja: ulipe metre zile ambazo ziko, si zile ambazo haziko. Tafuta kimo. Nyosha kamba juu ya mupaka wa nyuma. Simama ku barabara, ku pembe moja, mushikie mwenzako dekametre. Yeye atembeze ncha yake juu ya ile kamba, kuume na kushoto. Namba inapunguka, kisha inaanza tena kupanda. Ile namba ndogo kabisa ndiyo kimo. Kama kando inalala sana, namba ndogo inaweza kupatikana inje ya parseli. Hapo endelesha kamba sawasawa kupita pembe, upime pale.

Udanganyifu huu ni wa zamani

Musifikiri kwamba mambo haya yalianza na parseli zetu. Miaka karibu 300 mbele ya Kristo, ku Aleksandria mu inchi ya Misri, Euclid aliandika kitabu chake cha hesabu, Elements. Mu sehemu ya kwanza, ku namba 35, alihakikisha kwamba paralelogramu zote zenye kitako kimoja, zikiwa kati ya mistari miwili ile ile ya sambamba, zina eneo sawa, hata moja ikilala sana kuliko ingine. Ni ile kazi ya makasi tuliyofanya.

Lakini kujua kitabu si kujua ku shamba. Ku hekalu ya Edfu, kule kule Misri, kuna maandiko juu ya mashamba ambayo yalikuwa mali ya hekalu, yaliyochongwa miaka karibu 100 mbele ya Kristo. Wale wenye kupima walichukua pande mbili za kutazamana, wakazijumlisha, wakagawanya kwa mbili. Wakafanya vile kwa pande mbili zingine. Kisha wakapiga namba moja mara ingine. Kwa shamba lililosimama, jibu ni kweli. Kwa shamba lenye kulala, jibu ni kubwa kila mara kuliko shamba. Angalieni vizuri: ni hesabu ile ile ya komisionere wetu. Imeishi miaka elfu mbili na zaidi!

Na mwalimu mumoja wa Athene, Proclus, mu karne ya 5 kisha Kristo, alieleza hila ingine. Watu wakigawanya mashamba, mwerevu alimuachia mwenzake shamba lenye mzunguko murefu, yeye akachukua lenye mzunguko mufupi. Wote wakamusifu kuwa mutu wa haki, kumbe amechukua udongo mwingi zaidi. Inawezekana namna gani? Fanya hesabu. Shamba la metre 10 kwa 32: ukilizunguka unatembea metre 84, na eneo ni 320. Shamba la metre 20 kwa 20: unatembea metre 80 tu, lakini eneo ni 400. Lenye kuchosha miguu ndilo dogo.

Jamaa, jambo hili ni la kuangalia zaidi wakati wa kugawanya mali ya marehemu. Wandugu wanasimama ku shamba la baba yao, mukubwa anahesabu hatua kuzunguka, anasema « tuko sawa ». Kisha miaka inapita, mumoja anavuna magunia machache kuliko mwengine, na chuki inaingia mu jamaa bila mutu kujua imetoka wapi. Imetoka ku hesabu. Mupime eneo, musipime mzunguko, na mupime mukiwa wote pale: wakaka, wadada, na mama.

Parseli yenye pande zisizopatana

Mara zingine parseli si paralelogramu hata kidogo. Mbele ni fupi, nyuma ni ndefu, lakini mbele na nyuma zinaenda sambamba. Hiyo ni trapeza. Jumlisha mbele na nyuma, gawanya kwa mbili, piga mara kimo. Mbele 18, nyuma 26, kimo 30: 18 na 26 ni 44, nusu ni 22, na 22 mara 30 ni metre kare 660. Sababu ni nyepesi: kata trapeza mbili sawasawa, geuza moja kichwa chini, ziunganishe. Unapata paralelogramu moja kubwa yenye kitako cha 44. Trapeza ni nusu yake.

Na kama hakuna upande hata mumoja unaopatana na mwengine? Basi rudi ku pembetatu. Pembetatu ni nusu ya paralelogramu, kwa hiyo eneo lake ni kitako mara kimo, kugawanya kwa mbili. Vuta kamba pembe kwa pembe, parseli inakuwa pembetatu mbili zenye kitako kimoja. Tuseme kamba ni metre 36. Kutoka ku kamba mpaka pembe ya huku ni metre 14, mpaka pembe ya kule ni metre 18. Jumlisha 14 na 18, ni 32. Piga 36 mara 32, ni 1152. Gawanya kwa mbili: metre kare 576. Parseli yoyote yenye pande mine za kunyooka inakubali kazi hii, ilimuradi kamba ipite ndani ya parseli.

Kusoma karatasi

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka udongo wote wa inchi yetu kuwa mali ya Serikali. Mutu anapewa haki ya kuutumia. Haki ile inaandikwa ku karatasi yenye kuitwa certificat d'enregistrement, na pale eneo linaandikwa kwa are na santiare. Musiogope maneno hayo. Santiare 1 ni metre kare 1. Are 1 ni metre kare 100. Hekta 1 ni are 100, ndiyo metre kare 10 000. Basi parseli ya 600 ni are 6. Ile ya yule mama ni are 4 na santiare 80. Kama muuzaji anasema « vingt sur trente » na karatasi inasema are 4 santiare 80, uliza mbele ya kutoa feza, si nyuma.

Kamba yako ya nyumbani haichukui pahali pa jeometra wa kadastre. Ni yeye anayepima kwa chombo na kuweka borne. Kamba yako inakuonyesha tu kama bei inafaa, na kama kuna swali la kuuliza.

Neno kwa vijana

Mara nyingi ni kijana wa masomo ndiye anayejua hesabu hii, lakini ananyamaza, sababu wakubwa wanazungumza. Heshima ni kitu kizuri. Lakini heshima haikatazi kusema: « Baba, kabla hatujalipa, munipe ruhusa nipime pembe kwa pembe. » Hapo haukumuita mutu mwizi. Umeomba kamba tu. Mwenye kuuza kwa haki hatakasirika. Yeye mwenyewe atakushikia ncha ya pili. Na ukiwa weye ndiye muuzaji, pima vile vile, useme namba ya kweli. Yule unayemuuzia atakuwa jirani, na atapima siku moja.

Zoezi la mwezi

1. Parseli mbili ziko ku barabara moja, kila moja mbele ni metre 15. Mupaka wa nyuma ni mustari mumoja unaoenda sambamba na barabara, umbali wa metre 28. Parseli A imesimama. Parseli B inalala, kando yake ni metre 35. Kubwa ni gani?

2. Shamba la paralelogramu lina kitako cha metre 50 na kimo cha metre 36. Ni are ngapi?

3. Chumba ni metre 4 kwa 3. Unataka kuweka karo za sentimetre 30 kwa 30. Ni karo ngapi kwa uchache?

Majibu (musitazame mbele ya kufanya!): 1. Ziko sawa, metre kare 420 kila moja. Kando ya B ni ndefu, lakini kimo ni kile kile. Mwenye B atalipa tu ukuta murefu zaidi. 2. Metre kare 1800, ndiyo are 18. 3. Chumba ni metre kare 12, karo moja ni metre kare 0,09. Ukigawanya unapata 133 na kipande, basi karo 134. Lakini ongeza zingine, sababu ku kuta utakata, na karo iliyokatwa mara nyingi kipande chake hakitumiki tena.

Mwezi ujao tutatazama duara: kisima, pipa na sufuria. Kwa sasa, tafuteni vijiti mine na misumari mine. Mubaki vizuri.